Kanga ni Chapa: Namna ya Kuitambua na Kuithamini

Watu wengi wameandika juu ya kanga, na karibu wote wameandika juu ya jina lake, yaani yale maneno machache yaliyopigwa chapa chini ya mji. Wamekusanya majina hayo kwa mamia, wakayapanga kwa mafungu: ya mapenzi, ya husuda, ya nasaha, ya kumcha Mungu. Kazi hiyo ni njema, wala hatuibezi. Walakini imeleta hasara moja: tumezoea kuisoma kanga kama barua, hata tumesahau ya kuwa ni picha. Mtu hupewa nguo mkononi, akatupa jicho kwenye maneno, akacheka au akanuna, kisha akaikunja. Pindo hakulitazama, mji hakuutazama, wala hakuigeuza kuona rangi ilivyoingia upande wa pili. Twataka leo kusema juu ya hayo yasiyotazamwa.

Jambo hili si la kupitisha wakati tu. Hapa Pemba, katika nyumba nyingi za Wete, Chake Chake, Mkoani na mashamba yaliyo kati yake, yamo makasha yaliyowekwa nguo tangu siku za mabibi. Bibi mwenye kasha akifariki, nguo zake hugawanywa. Zilizo mpya huchukuliwa na mabinti. Zilizokuukuu hufanywa mbeleko, kisha tambara la kupangusia, kisha hutupwa. Nyingine hununuliwa na wachuuzi, zikavushwa kwenda Unguja kuuziwa wageni kwa jina la vitu vya kale. Katika biashara hiyo bei huwekwa na yule ajuaye, na hasara humwangukia asiyejua. Mtu asiyejua alicho nacho hawezi kukiuza kwa haki, wala hawezi kukataa kukiuza kwa sababu iliyo wazi. Twaona basi ya kuwa kujua kuitazama kanga ni sehemu ya kulinda mali ya wazee wetu.

Ili tujifunze kutazama, na tuende kwanza mbali, kwa watu walioifanya kazi ya kupiga chapa kwa mbao kuwa elimu kamili, yaani Wajapani. Hatuendi huko kwa kupenda ugeni. Twaenda kwa sababu mbili. Ya kwanza, njia yao ya kuzitambua picha za chapa imenyoshwa vizuri kuliko ya watu wengi. Ya pili, Wajapani hao hao ndio waliokuja baadaye kupiga chapa kanga zetu. Neno lao la picha ya namna hiyo ni hanga. Nalo halina udugu wo wote na neno letu kanga, ila sikio la Mswahili hulipokea kama la nyumbani.

Kwa desturi yao ya kale, hanga haikuwa kazi ya mtu mmoja. Mchoraji alichora. Mchongaji aliibandika karatasi ile juu ya ubao wa mcheri, akauchonga, kisha akachonga mbao nyingine kwa ajili ya rangi. Mpiga chapa alipaka rangi ya maji juu ya ubao, akalaza karatasi iliyofanywa kwa magome ya mti wa jamii ya mforsadi, akaisugua kwa nyuma kwa kifaa bapa kilichofungwa ganda la mwanzi. Na juu ya hao watatu alikuwako mtoaji, mwenye mtaji, ambaye alichagua picha na kuipeleka sokoni.

Katika karne ya 20 njia ziligawanyika. Mtoaji mmoja wa Tokyo, Watanabe Shozaburo, aliyezaliwa 1885 akafa 1962, alishika desturi ile ya mikono minne, ila akatafuta wachoraji wapya. Mashuhuri kati yao ni Kawase Hasui, aliyeishi tangu 1883 hata 1957, mchoraji wa mvua, theluji na mbalamwezi juu ya maji. Wengine walikataa desturi hiyo, wakasema picha si ya msanii asipoichora, asipoichonga na asipoipiga chapa mwenyewe. Hao huhesabu mwanzo wao tangu Yamamoto Kanae, aliyetoa picha ya mvuvi mwaka 1904. Na katika ukoo wao alitoka Munakata Shiko, aliyepewa tuzo kuu ya picha za chapa katika maonyesho ya Venice mwaka 1956.

Sasa mjuzi akiletewa karatasi, akaambiwa kuwa ni ya Hasui, hufanya nini? Haanzi kwa jina. Jina laweza kupigwa chapa pamoja na picha, na ye yote aweza kuliiga. Huigeuza karatasi kwanza. Kama imepigwa kwa ubao, rangi itakuwa imepenya, na michirizi ya kile kifaa cha kusugulia itaonekana kwa nyuma. Kama ni nakala ya mtambo, nyuma itakuwa nyeupe tupu, na kwa mbele kioo cha kukuzia kitaonyesha vitone vidogo vilivyopangwa kama askari.

Baada ya hayo hutafuta muhuri wa mtoaji. Watanabe alibadili muhuri wake mara kwa mara, na wajuzi wameziandika namna zake kwa miaka: muhuri mdogo wa duara, wenye upana wa milimita 6 hivi, ni wa chapa za Hasui zilizotolewa kati ya 1946 na 1957. Hapo ndipo mjuzi anapotenganisha mambo mawili ambayo mnunuzi mgeni huyachanganya, yaani mwaka wa kuchorwa na mwaka wa kupigwa chapa. Picha iliyochorwa 1930 yaweza kupigwa chapa upya miaka 20 baadaye kwa mbao zile zile, na thamani zikawa mbali mbali. Tena kuna mbao zisizoweza kurudiwa kamwe. Tetemeko la nchi la tarehe 1 Septemba 1923 na moto uliolifuata viliteketeza karakana ya Watanabe pamoja na mbao na picha zilizokuwamo. Kwa hiyo chapa za kabla ya siku ile ni adimu, na bei yake hupanda kwa sababu hiyo. Mchoraji mwingine, Yoshida Hiroshi, aliyefariki 1950, aliweka ukingoni alama ndogo ya kuonyesha kwamba kazi ya kupiga chapa ilifanywa chini ya macho yake. Picha ile ile isipokuwa na alama hiyo huuzwa kwa bei ya chini sana.

Kwa Wajapani basi twapata kanuni nne. Tazama nyuma kabla ya mbele. Tafuta alama ya mtoaji kabla ya kuamini jina. Tenga umri wa mchoro na umri wa chapa. Kisha pima hali ya kitu chenyewe: je, kingo zimekatwa, rangi imepauka, kuna madoa? Na tuzichukue kanuni hizi turudi nazo kwetu.

Kabla ya kanga, wanawake wengi wa pwani hii walivaa merikani, nguo nyeupe ya pamba iliyopata jina lake kwa merikebu za Marekani zilizoileta, na kaniki iliyotiwa nili. Katika miaka ya 1870 na 1880 kina mama wa Unguja na Mombasa walinunua vitambaa vya leso vyenye rangi, vilivyouzwa vikiwa bado vimeungana kama jora, wakavikata na kuvishona sita pamoja, vitatu juu na vitatu chini, wakapata nguo moja ya kujifunga. Ndiyo maana watu wa Mombasa hata leo huiita leso. Wafanya biashara wakaona faida, wakaagiza nguo nzima iliyokwisha pigwa chapa. Wazee husimulia kwamba moja ya zile za kwanza ilikuwa na madoa meupe juu ya weusi kama manyoya ya kanga, yule ndege, na jina likashika.

Kupiga nguo chapa kwa mihuri ya mti ni kazi ya kale sana Uhindi, hasa upande wa Gujarati, ambako pwani yetu ilipata nguo zake kwa karne nyingi. Soko la kanga lilipokua, viwanda vya Ulaya viliingia, na vile vya Uholanzi vilikuwa mbele. Kimojawapo ni kile cha P. F. van Vlissingen mjini Helmond, kilichoanzishwa 1846. Huko nako mbao za mkono zilifanya kazi kando ya mitambo ya silinda za shaba. Kwa upande wetu walikuwako watoaji, na mashuhuri kupita wote ni Kaderdina Hajee Essak wa Mombasa, ambaye duka lake lilianza 1887. Alama yake ni K.H.E. Mali ya Abdulla, na yeye husifiwa kuwa ndiye aliyeeneza desturi ya kutia majina ya Kiswahili mwanzoni mwa karne ya 20.

Katika miaka ya 1930 nguo za pamba za Japani zilijaa Afrika Mashariki kwa bei nafuu, na baada ya vita ya 1939 hata 1945 Wajapani waliingia katika kanga zenyewe. Kampuni ya Nishizawa ilipiga kanga nyingi sana kwa ajili ya pwani hii katika miaka ya 1950 na iliyofuata. Kisha nchi zetu zikajenga viwanda. Kile cha Urafiki, Dar es Salaam, kilifunguliwa 1968 kwa msaada wa China. Siku hizi nyingi zatoka Uhindi. Basi kanga moja yaweza kuwa imebuniwa Mombasa, imepigwa chapa Japani, na imefungwa kiunoni Konde. Atakayeandika juu yake neno moja tu, Zanzibar, kama tuonavyo katika maelezo mengi ya vitu vya kale, ameandika kweli, lakini kweli ya kuchechemea.

Haya, na tuitandike nguo juu ya mkeka tuitazame kwa utaratibu.

Kwanza, igeuze. Kanga hupigwa chapa upande mmoja, kwa hiyo nyuma huwa hafifu kuliko mbele. Lakini tazama uhafifu wenyewe ulivyo. Rangi ya mkono huingia kwa kupishana, hapa nzito, pale nyepesi, kwa kadiri mkono ulivyokandamiza. Rangi ya mtambo huingia sawasawa tangu mwanzo wa nguo hata mwisho. Na ikiwa nguo si ya pamba tupu, rangi hukaa juu juu kama iliyomwagwa, nguo huteleza vidoleni, wala tone la maji halinyweki upesi. Hiyo ni ya siku hizi, hata kama mwuzaji ameizamisha katika majani ya chai ili ionekane kongwe.

Pili, fuata pindo kwa kidole, polepole, mpaka urudi ulipoanza. Kibao cha mkono ni kifupi, na fundi hukigonga mara nyingi mfululizo. Mahali kinapokutana na alama yake ya kwanza, mistari huparamiana kidogo, au huacha mwanya mwembamba kama unywele. Shika kanuni hii: kosa likijirudia kwa kipimo kile kile na kwa rangi ile ile, ni la mtambo, kosa likibadilika kila mara, ni la mkono. Kweli ufa wa kibao nao hujirudia, lakini kila mara huja na uzito mwingine wa rangi. Halafu simama kwenye kona. Kona nne ndizo mtihani wa aliyebuni nguo. Hodari huligeuza pindo kwa ua au nyota iliyotengenezwa kwa ajili ya mahali hapo. Dhaifu hulikata tu, kama mtu aliyeishiwa na maneno katikati ya hotuba.

Tatu, tafuta alama ya ukingoni: jina la mtoaji, nambari ya mchoro, au maneno ya kutaja nchi ilikopigwa chapa. Huo ndio muhuri wa Watanabe wa kwetu. Mara nyingi umefichwa ndani ya upindo, maana kina mama wakikata doti huzipinda kingo zake. Usiufumue upindo, upekue kwa ncha ya kidole mbele ya mwanga. Tena ujue ya kuwa alama yenyewe haitoshi kutaja umri. Mali ya Abdulla ingali ikipigwa chapa leo, basi alama hiyo yakuambia nani ametoa, wala haikuambii lini. Umri hutokana na alama, nguo, rangi na herufi vikishuhudia pamoja.

Nne, sasa soma jina, na ulisome kwa jicho la mwalimu. Majina ya mwanzo yalipigwa kwa herufi za Kiarabu, na baadaye herufi za Kirumi zikashika mahali pake. Basi herufi za Kiarabu ni dalili ya ukongwe, ingawa dalili si hati. Angalia na lahaja. Mahali palipoandikwa ndia badala ya njia, au mato badala ya macho, yaelekea mtunzi alikuwa mtu wa Mvita. Angalia na makosa ya herufi, kwani mpiga chapa wa ng'ambo asiyejua Kiswahili huweza kugeuza neno asitambue. Tena kumbuka kanuni ya Kijapani: jina zuri huazimwa. Laweza kutungwa mwaka mmoja likapigwa juu ya michoro kumi kwa miaka 40. Ila kanga za tukio hutaja mwaka wake zenyewe, kama zile za 2008 zilizompongeza Barack Obama alipochaguliwa kuwa rais wa Marekani.

Tano, pima hali. Doti nzima, vipande viwili ambavyo havijakatwa, ina thamani kupita kipande kimoja. Kipande kizima ni kama sentimita 150 kwa 110. Kikipungua sana, ujue kingo zimekatwa. Tazama kama rangi imechuja ndani ya nyeupe, kama jua limeipausha kwenye mikunjo, kama nondo amekula. Lakini hapa twatofautiana kidogo na wakusanyaji wa hanga. Karatasi iliyoshikwashikwa imeharibika. Kanga iliyofuliwa imefanya kazi yake, na ulaini wake ni sehemu ya habari yake. Hatutaipunguzia thamani kwa kuwa iliwahi kuvaliwa. Twaipunguzia kwa kuwa ilitupwa ovyo.

Baada ya kutambua huja kuhukumu, nako ni kugumu zaidi. Je, chapa hii ni nzuri, na kwa nini?

Tuchukue kisutu iwe mizani yetu. Kisutu ni ya rangi tatu, nyekundu, nyeusi na nyeupe, nayo huandamana na bibi arusi. Haina jina. Kwa wale waisomao kanga kama barua, kisutu ni bubu. Hawana la kusema juu yake. Lakini hiyo ndiyo nguo ambayo mama zetu waliipa heshima ya kwanza, wala hawakuona imepungukiwa na neno. Itazame kwa mbali: uso wote watetemeka kama maji yaliyopigwa na upepo mdogo. Isogelee: utaona vijiumbo vidogo vilivyopangwa kwa safu, kimoja kimoja, kila kimoja chaweza kutoshea katika muhuri wa kiganja. Umbo lake lakumbuka kibao. Ni uzuri uliojengwa kwa kurudia, na macho hayachoki, kwa sababu nyekundu na nyeusi hupokezana kama watwangaji wawili katika kinu kimoja. Pindo na mji ni wa ukoo mmoja. Kisutu peke yake yatosha kuthibitisha neno letu ya kuwa kanga ilikuwa picha kabla ya kuwa barua, na ya kuwa maneno yakiondolewa, kanga njema husimama.

Kwa mizani hiyo, kanga nyingi za Kijapani za miaka ya 1950 na 1960 zilizobaki makashani zapata sifa. Mstari ni mwembamba na safi. Umbo la korosho, ambalo wengine wote wamelichora, laonekana lina uhai katika mkunjo wake. Na mbuni hakuogopa kuacha nafasi tupu. Rangi ni mbili au tatu, zinazojua mipaka yake. Ukiiweka kando ya picha ya Hasui, utaona kuwa hazifanani kwa sura, lakini zafanana kwa adabu: kila rangi imepewa mahali pake, na hakuna inayopiga kelele.

Nyingi za siku hizi hatuwezi kuzisifu hivyo. Mji umejazwa mpaka hauna pumzi, rangi ni sita au saba, na jina limekuzwa kwa herufi nene hata lasukuma mapambo pembeni. Huo ndio mwisho wa kuisoma kanga kama barua: mtoaji amejua kuwa mnunuzi atatazama maneno tu, basi akaacha kushughulika na mengine. Nazo zile zenye sura za watu, kama ile ya Obama, ni kumbukumbu bora, na tungependa kila skuli iwe nayo moja kwa somo la historia. Kwa chapa, zina udhaifu mmoja. Hanga hutundikwa ukutani ikatulia. Kanga hufungwa, hukunjwa, hutembea. Pindo hulifuata umbo la mvaaji, mji hukaa mgongoni, jina hupita nyongani. Ua likikunjwa hubaki ua, lakini uso ukikunjwa hubaki nusu ya uso. Kanga ipasayo kusifiwa ni ile iliyobuniwa na mtu aliyejua kuwa itavaliwa.

Yupo atakayetuuliza: Ikiwa mbao zilichongwa Uhindi, silinda zilikuwa Uholanzi, na mafundi walikuwa Wajapani, mwaithaminije kama mali yenu? Si nguo ya wageni mliyouziwa?

Swali hili ni la haki, nasi twalijibu kwa kuwatazama Wajapani tena. Hanga mpya za Watanabe zilichorwa na Wajapani, zikachongwa na kupigwa chapa na Wajapani, lakini kwa sehemu kubwa zilitolewa kwa macho ya wageni. Wanunuzi wake wengi walikuwa Wamarekani, na maonyesho yake makubwa yalifanywa Toledo, katika jimbo la Ohio, mwaka 1930 na 1936. Hakuna asemaye kwamba kwa hiyo si za Kijapani. Kanga imepita njia iyo hiyo kinyumenyume: mikono ilikuwa ya wageni, macho yalikuwa yetu. Mwenye duka alituma ng'ambo michoro aliyojua itapendwa; nguo ilipofika, kina mama waliitandaza, wakaichagua au wakaiacha. Iliyoachwa ililala dukani mpaka ikapauka, na haikupigwa tena. Iliyochaguliwa iliagizwa upya. Kwa miaka zaidi ya 100 mama zetu wamekuwa wahakiki wa michoro hii, bila kalamu na bila gazeti, kwa fedha waliyoipata kwa jasho, na hapa Pemba fedha hiyo mara nyingi ilikuwa ya karafuu.

Tena tusisahau ni nani waliochagua. Mwaka 1897 hali ya utumwa iliondolewa katika sheria ya Unguja na Pemba. Wengi waliotumikishwa katika mashamba ya karafuu ya kisiwa hiki walikuwa wamevaa merikani na kaniki, si kwa kupenda. Walipopata njia, walinunua kanga. Yule mama aliyesimama mbele ya kaunta akasema, Si hii, nipe ile, alifanya jambo ambalo mama yake hakuruhusiwa kulifanya. Kama hanga ina mikono minne, kanga ina wa tano, nao ni mkono wa mchaguzi. Mkono huo ndio wetu, nao ndio hufanya mali kuwa yetu.

Basi thamani ya kanga ni ya namna tatu, na kila moja ina kipimo chake. Kuna thamani ya soko, nayo hufuata uadimu, umri na hali. Kuna thamani ya kazi, nayo hufuata mstari, rangi na kona. Na kuna thamani ya ukumbusho, ambayo hufuata nani aliivaa na siku gani. Mchuuzi hujua ya kwanza. Ya pili ni kazi yetu walimu kuifundisha. Ya tatu wanayo wazee peke yao, na kila mwaka tunazika sehemu yake.

Kwa hiyo twawashauri walimu wenzetu wa Pemba mambo machache. Waulize wanafunzi wako waombe ruhusa kwa bibi zao kuitazama nguo moja ya kale, waandike mambo matano: nyuma, pindo, alama, jina, hali, kisha waandike maneno ya bibi mwenyewe juu yake, kama alivyoyasema. Wasiichukue nguo kuileta skuli. Nguo zenyewe zikunjwe kwa mstari mpya kila mara, zikae mbali na jua, na karafuu za kufukuza wadudu ziwekwe ndani ya kifuko, zisiguse kitambaa. Ambaye hana budi kuuza, auze baada ya kujua; na ambaye ana doti ya kale asiyoihitaji, akumbuke kuwa katika ngome ya Chake Chake imo makumbusho ya kisiwa chetu, kabla hajamwitikia mchuuzi wa kwanza abishaye hodi.

Na wewe, ndugu msomaji, kanga ya kwanza utakayoiona leo, iwe kambani au begani mwa mpita njia, usianze kwa kuisoma. Itazame pindo, uitafute kona, uone kama fundi alijua kugeuka. Maneno yatakungoja.